Vikapu vipya vya gofu ya diski: tunavipima kwa kigezo gani?

#1 Kapu_Makini

Habari wakuu. Kwa asiyeujua mchezo: kwenye gofu ya diski unarusha diski mpaka ikae kwenye kikapu, yaani kapu la chuma kwenye nguzo, na juu yake minyororo inayoning'inia kuishika diski. Kila muundo mpya wa kikapu ukitoka, sifa huwa ni moja tu: "kinashika kila kitu". Mtu anasimama mita tano, anarusha diski zake katikati ya minyororo, zinakaa, anapandisha video, na mjadala unafungwa.

Mimi nasema hicho si kipimo. Kikapu kinaweza kukosea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutema mrusho uliostahili kuingia, na hiyo kila mtu anaipigia kelele. Ya pili ni kupokea mrusho ambao haukustahili: diski imekuja pembeni kabisa, imegusa mnyororo mmoja, ikavutwa ndani. Hiyo hakuna anayeilalamikia, maana aliyerusha anafurahi na wenzake wanasema "bahati yako". Lakini kwenye mashindano kosa la pili linampokonya mtu ushindi sawasawa na la kwanza.

Sisi tunatakiwa kuchagua muundo mmoja kati ya mitatu. Sitaji watengenezaji, nisije nikaleta ushabiki:

A: minyororo mingi, safu tatu, pingili nyembamba.
B: minyororo michache, safu mbili, pingili nene na nzito.
C: minyororo kama ya A ila mduara wote umepunguzwa, juu na chini.

Ingekuwa ninyi, mngevipima vipi?

#2 MitaKumi

Chukua A, funga uzi. Minyororo mingi ndiyo kila kitu.

#3 Fundi_Minyororo

Mkuu MitaKumi, taratibu kidogo. Nimechomelea na kurekebisha vikapu kwa muda sasa, na idadi ya minyororo ni jambo la tatu au la nne kwa umuhimu. Cha kwanza ni jinsi ilivyolegea.

Tazama inavyoning'inia. Juu imefungwa mbali na nguzo, chini inakutana kwenye pete iliyo karibu na nguzo. Kwa hiyo diski ikipiga juu ina nafasi ya kutosha ya kupunguza mwendo kabla haijafika kwenye chuma. Ikipiga chini, minyororo imeshaikaribia nguzo na nafasi hiyo haipo. Ndiyo maana mrusho wa katikati lakini chini kidogo unadunda na kumrudia aliyeurusha, naye anaapa kwamba kikapu kina kasoro. Ongeza minyororo uwezavyo, kama pete ya chini imebanwa haitembei, umejenga ukuta.

Mleta uzi, pete kwenye A, B na C zinacheza au zimekaza?

#4 Kapu_Makini

Asante Fundi. A na C zinacheza, B imekaza kidogo lakini haijafungwa kabisa.

#5 Mzee_wa_Nguzo

Vijana, mnabishana juu ya pete wakati mchezo huu ulianza bila kikapu. Ed Headrick aliuvumbua mwaka 1975 pale Oak Grove, Kalifonia, akaleta minyororo, na minyororo yake haikuwa mingi kama hii ya leo. Watu walicheza wakafurahi. Tatizo ni mikono ya siku hizi.

#6 Mwamuzi_Mtulivu

Shikamoo Mzee. Naomba kuweka kumbukumbu sawa. Mwaka 1975 ni wa uwanja wa Oak Grove, na ulipoanza walengaji walirushia nguzo, si minyororo. Hataza ya Headrick ya kikapu cha minyororo ilitolewa mwaka 1977. Na mchezo wenyewe ni wa zamani kuliko yeye: mwaka 1926 huko Bladworth, Kanada, Ronald Gibson na wenzake walikuwa wanarusha vifuniko vya makopo kwenye shabaha walizojipangia. Heshima ya Headrick iko palepale, maana ndiye aliyeupa mchezo kikapu, na PDGA, chama kinachosimamia mchezo huu, alikianzisha mwaka 1976.

Hili linahusu mada moja kwa moja. Kwenye nguzo swali lilikuwa "umegusa au hujagusa?" Minyororo ilipokuja likawa "imekaa au haijakaa?" Kanuni zinabeba yote mawili hadi leo. Shabaha ya kitu kama nguzo inatosha diski iguse eneo lililowekwa alama. Kikapu kinataka diski ikae kwenye kapu au kwenye minyororo. Ikilala juu ya kikapu haihesabiwi, hata kama mrushaji amelenga vizuri kuliko wote.

#7 MitaKumi

Basi turudi kwenye kugusa. Ukigusa minyororo umemaliza. Kutema kumekufa, hoja ya Fundi imekufa, twende tukacheze.

#8 Bi_Takwimu

MitaKumi, ukifanya hivyo umekuza kosa la pili la mleta uzi mpaka limekuwa kanuni. Diski itakayokwaruza mnyororo wa nje kabisa itakuwa sawa na iliyopiga katikati. Hapana.

Sasa kuhusu kupima. Watu wengi hurusha mara 100 kwenye kila kikapu, kimoja kinashika 90, kingine 93, wanatangaza mshindi. Namba hizo hazisemi lolote. Ukirusha mara 100 na kiwango kikawa asilimia 90, mashaka ni takriban asilimia 6 kila upande. Yaani huyo wa 90 anaweza kuwa 84 au 96. Ili utofautishe 90 na 93 kwa uhakika unaoeleweka, unahitaji zaidi ya mirusho 1,300 kwa kila kikapu. Nani ana bega la namna hiyo?

Njia ni kutokupima katikati. Katikati vikapu vyote vizuri vinafanana. Pima pembeni, pale ambapo kimoja kinashika nusu na kingine kinashika asilimia 70. Tofauti kubwa kama hiyo utaiona kwa mirusho kama 90 tu kwa kila kikapu. Ukitaka kujua vikapu vinatofautiana wapi, nenda kwenye kingo.

#9 Kapu_Makini

Dada, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Lakini kuna jambo moja linanisumbua: nani ataamua kwamba mrusho fulani wa pembeni "ulistahili" kuingia?

#10 Bi_Takwimu

Hakuna atakayeamua. Huhukumu mrusho mmoja mmoja, unachora ramani. Gawanya uso wa kikapu kwa miraba, andika kila mraba umeshika mara ngapi. Kikapu cha haki kina ramani inayoshuka taratibu kutoka katikati kwenda nje, kulia na kushoto sawa. Kikapu kibaya kina mashimo: mahali karibu na katikati panapotema, na mahali pa nje kabisa panapopokea.

#11 FizikiaTu

Naunga mkono ramani, ila mmesahau mwendo. Diski ya gramu 175 ikienda mita 8 kwa sekunde ina nishati ya jouli 5.6. Ikienda mara mbili ya hapo, mita 16 kwa sekunde, ina jouli 22.4, yaani mara nne. Kikapu kinachomeza mrusho laini wa mita tano kinaweza kuurudisha mrusho mkali wa mita ishirini. Hizo ni ramani mbili tofauti.

Nadhani hapa ndipo B inaposhinda. Mnyororo mzito ukigongwa unachukua sehemu kubwa ya mwendo wa diski. Mwepesi unasukumwa kando, diski inapita na kutokea upande wa pili. Wanaolalamika kwamba "imekata minyororo" huwa wanazungumzia vikapu vya pingili nyembamba.

#12 Fundi_Minyororo

FizikiaTu, nusu ya hiyo naikubali. Mnyororo mzito unameza mrusho mkali, ni kweli. Lakini mrusho laini, unaoshuka kwa upole, ukikutana na mnyororo mzito unaona kizuizi. Mnyororo hausogei, diski inadondoka mbele, nje ya kapu. Wale wanaorusha kwa mpinde mrefu wa juu ndio watakaoumia kwenye B. Ndiyo sababu wengine huweka nzito nje na nyepesi ndani, wengine kinyume chake, na kila mmoja ana hoja zake.

#13 Shoto

Nimesoma posti zote hizi na hakuna aliyetutaja sisi wa mkono wa kushoto. Mnapima vikapu kana kwamba diski haizunguki!

Mtu wa kulia akirusha bekihendi, yaani mkono ukianzia upande wa pili wa mwili, diski ukiitazama kutoka juu inazunguka kisaa. Ukingo wake wa mbele unakimbilia kulia. Ukigusa mnyororo, msuguano unaisukuma diski kwenda kushoto. Kwa hiyo ikipiga kulia kwa nguzo inasukumwa kuelekea katikati, inakaa. Ikipiga kushoto kwa nguzo inasukumwa nje, inatemwa. Kwetu sisi ni kinyume: upande wetu dhaifu ni wa kulia. Na mtu wa kulia akirusha forihendi, yaani mkono ukianzia upande wake wenyewe, naye anakuwa kama sisi.

Ramani ya Bi_Takwimu ikichorwa na watu wa kulia peke yao itaonyesha upande wa kushoto ni mbovu, mtalaumu minyororo ambayo haina hatia.

#14 Bi_Takwimu

Sahihi kabisa. Kila kikapu ramani mbili, moja kwa kila mzunguko. Nataka kulia na kushoto zifanane baada ya kuigeuza moja. Zisipofanana, hapo ndipo kikapu chenyewe kina upande.

#15 MitaKumi

Shoto sasa umepata kisingizio cha kudumu 😂

#16 Shoto

Nilikuwa nacho tangu nizaliwe, mdogo wangu. Leo nimekiandikia hesabu.

#17 Mlinzi_wa_Uwanja

Mimi ndiye ninayevitunza baada ya ninyi kuondoka, kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

Kabla hamjapima muundo, pimeni nguzo. Nguzo ikiinama digrii 2 tu, ncha ya juu ya minyororo inahama karibu sentimita 2 ukilinganisha na pete ya chini, upande mmoja unajaa na mwingine unakonda. Vikapu vingi mnavyoviita vibovu vimeinama, basi. Kamba ya timazi inamaliza kesi hiyo mapema.

Halafu angalieni minyororo iliyojisokota. Kwenye A, yenye safu tatu, pingili nyembamba zinanasana hasa baada ya upepo mkali. Mchezaji anafika, anakuta mnyororo wa nje umekumbatiana na wa ndani, pameachwa pengo, anarusha humo humo. B hainasani kirahisi. Kama kikapu kinahitaji mtu wa kukichana minyororo kila asubuhi, hiyo ni sehemu ya muundo na iingie kwenye tathmini.

Jambo lingine: sakafu ya kapu. Diski inaweza kupita minyororo vizuri, ikagonga sakafu iliyokaza, ikaruka nje juu ya ukingo. Watu wote wanatazama minyororo, hakuna anayetazama kina cha kapu. C mmeipunguza upana, je, kina mmekiacha?

#18 Kapu_Makini

Kina cha C ni kilekile cha A. Kuhusu kunasana sikuwa nimeiweka kwenye orodha. Nimeiweka.

#19 Mzee_wa_Nguzo

Nakazia kwa Mlinzi. Na msisahau kutoa diski zilizomo kabla ya kurusha nyingine. Kapu lenye diski tatu halina sakafu ileile. Nimeona video za "majaribio" kapu limejaa diski mpaka shingoni, mpya inadunda juu ya zilizotangulia, mtu anasema kikapu kimetema.

#20 Mwamuzi_Mtulivu

Hilo la Mzee ni zito. Kwenye mchezo wenyewe wachezaji hutoa diski zao kabla mwenzao hajarusha kwa sababu hiyohiyo, iweje jaribio lifanywe ovyo kuliko mchezo.

#21 Mgeni_Jamvini

Habari zenu, mimi ni mgeni. Naomba kuuliza, kwa nini msiangalie tu kama kimeidhinishwa na PDGA? Si ndio wanaopima?

#22 Mwamuzi_Mtulivu

Karibu sana. PDGA wana madaraja matatu ya vikapu, na la juu ndilo linalokusudiwa kwa mashindano makubwa. Idhini inakuhakikishia vipimo vya umbo: urefu, upana, nafasi kati ya kapu na mkanda wa juu, na kwamba kinashika diski kwa kiwango kinachokubalika. Haikuambii kipi kati ya viwili vilivyo daraja moja kina ramani nzuri zaidi. Mleta uzi anauliza kinachoanzia baada ya idhini.

#23 MitaKumi

Sasa tuzungumze C kwa dhati, maana naona mnaikwepa. Mimi napenda C. Kwa mita 10, kosa la digrii moja linaisogeza diski sentimita 17.5 pembeni. Kwa mita 5 ni sentimita 8.7. Ukipunguza mduara, unamwadhibu anayekosea digrii moja na nusu kutoka mbali na humgusi anayelenga. Wachezaji wa juu siku hizi wanakosa mara chache mno ndani ya mita 10. Tofauti kati ya bingwa na wa kawaida inapotea pale. C inairudisha.

#24 Fundi_Minyororo

Umeandika vizuri leo. Lakini C inapunguza vyote kwa pamoja: lango limekuwa dogo, na nafasi ya kupunguza mwendo kati ya mnyororo na nguzo imekuwa fupi. Kwa hiyo hupati shabaha ndogo tu, unapata kikapu kinachotema zaidi katikati. Kosa la pili limepungua, la kwanza limeongezeka. Ukitaka lango dogo bila kudundisha, legeza minyororo zaidi au ongeza safu laini ndani. C hii ya mleta uzi haijafanya hivyo.

#25 FizikiaTu

Siyo lazima. Nafasi ikipungua, diski inagusana na minyororo mingi zaidi kwa wakati mmoja kwa sababu idadi ni ileile kwenye mduara mdogo. Imebanana. Inaweza kupunguza mwendo mapema zaidi kuliko A. Bila kupima huwezi kusema.

#26 Fundi_Minyororo

Nimeshasema ninachokiona kwenye karakana. Mnyororo uliobanana unakuwa mgumu.

#27 FizikiaTu

Na mimi nasema mnyororo uliobanana unagawana mzigo. Tukapime.

#28 Mzee_wa_Nguzo

Mnataka kupunguza kikapu mtaua raha ya watazamaji. Kumbukeni mashindano ya dunia ya 2021 pale Ogden, Utah. James Conrad shimo la mwisho, yuko mbali kama mita 100, anahitaji iingie, anarusha, inaingia, anakuwa bingwa wa dunia mbele ya Paul McBeth. Kikapu kidogo kingetunyima siku ile.

#29 Bi_Takwimu

Mzee, umbali ulikuwa futi 247, ambazo ni kama mita 75. Na mrusho ule ulisawazisha, haukumpa ubingwa. Ubingwa aliupata kwenye shimo la kwanza la nyongeza.

Ila mfano ni mzuri kwa sababu nyingine. Mrusho wa mbali unafika ukiwa na mwendo na mzunguko ambao hakuna anayeurusha kwenye majaribio ya uani. Tukipima kwa mirusho ya kumalizia, ile ya karibu na kikapu, peke yake, tutachagua kikapu bila kujua kinawafanyia nini wale wanaorusha kutoka mbali. Kila ramani iwe na sehemu ya mirusho mikali pia.

#30 Mzee_wa_Nguzo

Mita 75 ni nyingi vilevile, binti yangu. Hoja yangu inasimama.

#31 Shoto

Mimi namuunga mkono Mzee kwa kiasi fulani, lakini si kwa sababu ya watazamaji. Anayeanza leo akikosa mara tano mfululizo kutoka mita nne kwenye kikapu kidogo, hatarudi. Wa juu wawekewe C kwenye mashindano yao, uwanja wa kila siku ubaki na A au B.

#32 Mlinzi_wa_Uwanja

Nani atavibadilisha? Mimi? Hapana, labda kama vishimo vya nguzo vitafanana na kila kikapu kitaingia na kutoka kwa kufuli moja. Hilo nalo ni la kuuliza kabla ya kununua: nguzo zinakaa kwenye kishimo kimoja au kila muundo na wake?

#33 MitaKumi

Halafu diski zenyewe. Hamjasema lolote kuhusu diski. Diski yangu laini inakaa, ya rafiki yangu ngumu inadunda, kikapu ni kimoja.

#34 Bi_Takwimu

Ndiyo. Diski za aina moja, plastiki moja, uzito mmoja, na hali ya hewa iandikwe. Plastiki kwenye baridi inakakamaa. Diski yenye maji inateleza kwenye mnyororo, msuguano alioueleza Shoto unapungua, na pengine hata tofauti ya upande dhaifu inapungua. Sijaona mtu aliyeipima hiyo.

Kuhusu uzito hamna shida kubwa. Kanuni inaruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, na mwisho ni gramu 200. Diski ya kumalizia ya sentimita 21.2 inafika karibu gramu 176, ndiyo maana nyingi ziko hapo hapo. Chagueni zilizo sawa.

#35 Mgeni_Jamvini

Nimejifunza mengi, asanteni. Swali moja zaidi: kikapu kipya kabisa na kilichotumika muda mrefu vinashika sawa? Nimesikia mnyororo mpya unateleza kwa sababu ya zinki.

#36 Fundi_Minyororo

Mnyororo mpya uliopakwa zinki kwa kuzamishwa una ukakasi mwanzoni, pingili hazizunguki vizuri. Baada ya kupigwa sana zinalegea na kikapu kinatulia. Mimi naamini kinachobadilika ni ulegevu, si utelezi.

#37 FizikiaTu

Mimi naamini ni vyote, na utelezi una nafasi kubwa. Mnyororo uliochakaa una mikwaruzo, unashika ukingo wa diski.

#38 Mlinzi_wa_Uwanja

Mimi ninachojua, vile vya zamani vya kwangu vinapendwa na kila mtu na hakuna anayeweza kuniambia kwa nini. Kimoja kina kutu, kimoja hakina, vyote wanavisifu.

#39 Kapu_Makini

Wakuu, nimekusanya mliyosema na nimeupanga mpango. Nipeni makosa yake kabla hatujaanza.

Timazi kwenye kila nguzo, minyororo ichanwe kabla ya kila mzunguko wa majaribio. Kapu tupu kila mrusho. Diski za aina moja. Warushaji wa kulia na wa kushoto, na wa kulia warushe forihendi pia. Mwendo wa aina tatu: laini wa juu, wa kawaida, na mkali. Tunalenga kingo kwa makusudi, siyo katikati tu. Simu inarekodi kwa fremu 240 kwa sekunde. Kwa mwendo wa mita 8 kwa sekunde diski inasogea kama sentimita 3.3 kati ya fremu na fremu, inatosha kujua imegusa wapi. Mpangilio wa vikapu unachanganywa kwa kura, ili uchovu wa warushaji usikiangukie kikapu kimoja. Kisha ramani.

Hukumu yangu ya awali, mnaruhusiwa kuipinga: kikapu kitakachokuwa na ramani inayoshuka taratibu, bila mashimo, ndicho changu, hata kama jumla ya diski kilizoshika ni ndogo kuliko za wenzake.

#40 MitaKumi

Yaani uko tayari kununua kikapu kinachoshika CHACHE? Kwa hiari yako?

#41 Kapu_Makini

Ndiyo, kama hizo kilizoziachia ni zile za kingo za nje. Jumla kubwa inaweza kuwa imejengwa na bahati. Nataka mtu anayelenga vizuri akiondoka ajue amelipwa kwa kulenga.

#42 Fundi_Minyororo

Mpango mzuri. Kosa ninaloliona ni kwamba mkono wa mtu hautaweza kulenga kingo mara 90. Mtakusanya mirusho mingi katikati na michache mnakokutaka. Tengenezeni mashine ya kurushia. Mkono wa chuma, springi, unaweka pembe, unaachia.

#43 Shoto

Sikubali mashine. Mashine inarusha diski moja, mwendo mmoja, mzunguko mmoja. Binadamu anarusha ikiwa imeinua pua, imelala upande, inayumba. Vikapu vinatema zile zinazoyumba. Ukipima kwa mashine utachagua kikapu kinachofaa mashine.

#44 Bi_Takwimu

Wote wawili mna hoja na haziondoani. Mashine kwa ramani, mikono kwa kuthibitisha. Mkitofautiana, aminini mikono, kwa sababu ndiyo itakayocheza.

#45 Fundi_Minyororo

Hapo dada sikubaliani nawe. Zikitofautiana, mikono ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza, maana ina mazoea. Mtu aliyezoea kikapu fulani kwa miaka anakirushia kwa namna inayokipendelea bila kujijua.

#46 Shoto

Basi chukua warushaji ambao hawajazoea hata kimoja kati ya vitatu. Wachezaji wazoefu, vikapu vigeni kwao.

#47 Mlinzi_wa_Uwanja

Na anzeni na B. Ndiyo nzito, mkichoka hamtakuwa na nguvu za kuihamisha.

#48 Bi_Takwimu

Mlinzi, tumesema kwa kura!

#49 Mlinzi_wa_Uwanja

Kura sawa, lakini kura haibebi chuma. Simamisheni vyote vitatu kwa pamoja kabla hamjaanza, muviweke mbali vya kutosha ili upepo usikutane na kizuizi kimoja, halafu mhame ninyi warushaji. Vikapu vibaki vilipo.

#50 Kapu_Makini

Nimekubali, tunasimamisha vyote kwanza. Fundi, mashine yako inaweza kurusha diski inayoyumba, au itabidi mirusho hiyo yote tuwaachie akina Shoto?